Ushauri: jirani anatunyanyasa kwa rangi yetu, kaunsili wanatuzungusha (Uingereza)

MamaWawili
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tunaishi nyumba ya kupanga ya kaunsili (halmashauri ya mji) hapa Uingereza. Jirani wa mlango wa pili hatutaki kabisa. Watoto wakipita ngazini anawaita nyani, amekwaruza maneno machafu mlangoni kwetu, na juzi nimekuta kinyesi kimesukumwa kwenye tundu la barua. Kila nikipiga simu kaunsili naambiwa atakuja mtu. Hakuna anayetusaidia. Naomba kujua jambo moja tu: nikihamia Leicester kwa dada yangu, kaunsili ya kule itanipa nyumba?

Karani_Haki
Pole sana dada. Leicester tuiweke pembeni kwanza. Tatizo la simu ni kwamba haziachi alama. Leo hii waandikie baruapepe, kila tukio na tarehe yake, saa, mahali, nani alisikia. Maneno yaandike kama alivyoyatamka, kwa Kiingereza chake hichohicho. Ukiandika "alitutusi", ofisa anasoma ugomvi wa majirani. Ukiandika neno lenyewe, anasoma ubaguzi. Mlango usiusugue kabla ya kupiga picha, moja ya karibu na moja inayoonyesha namba ya nyumba, kisha omba kwa maandishi waufute. Mashirika mengi ya nyumba yamejiwekea saa 24 kufuta maandishi ya kibaguzi.

Kinyesi hicho ni suala la polisi. Piga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, au 999 ya dharura akiwa yuko mlangoni. Omba namba ya tukio na sema waziwazi unaamini ni chuki ya rangi. Tangu ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyofuata kuuawa kwa Stephen Lawrence, kijana Mweusi wa London, tukio huandikwa kuwa la kibaguzi likionekana hivyo na aliyetendewa au na mtu mwingine yeyote. Huhitaji kuthibitisha nia yake ndipo liandikwe.

MzeeWaBusara
Binti yangu, majirani hawachaguliwi. Siku hizi kila kitu polisi na mahakama. Kaunsili wana wasuluhishi, kaeni meza moja mzungumze, moto hauzimwi kwa moto.

Karani_Haki
Shikamoo mzee. Usuluhishi unafaa kwa kelele za muziki au maegesho ya gari, watu wawili wenye nguvu sawa na kila mmoja ana lake. Hapa anayetukanwa hana cha kuachia. Ukimketisha na anayemtukana unampa yule mtu nafasi ya pili ya kumtukana, tena mbele ya ofisa. Kaunsili ikipendekeza hilo, ana haki ya kukataa, na kukataa kwake kusiandikwe kuwa hakutoa ushirikiano.

Tozi_Mjini
Mimi naona asilipe kodi mpaka wamtoe huyo jirani. Wakikosa hela watashtuka.

Bi_Nyaraka
Tafadhali dada usifanye hivyo. Ukiwa na deni wewe ndiye utakayeshtakiwa, na maombi ya kuhamishwa mara nyingi husimama hapohapo.

Halafu nina swali. Umeandika "nikihamia" kama mtu aliyekwisha kuamua. Kuna karatasi yoyote umesaini?

MamaWawili
Kuna fomu ya kurudisha nyumba. Ofisa alinipa akasema ndiyo njia ya haraka. Nimeijaza na kusaini, iko kwenye mkoba, nilitaka kuipeleka Jumatatu. Baba watoto yumo kwenye mkataba ila sijamwambia, atapandisha hasira aende kugonga mlango wa yule mtu. Msinilaumu. Mtoto wangu mdogo ameanza kukojoa kitandani. Nyumba ni kuta tu, naweza kuanza upya.

Bi_Nyaraka
Hakuna wa kukulaumu, lakini fomu hiyo usiipeleke.

Upangaji ukiwa wa pamoja, notisi halali ya mmoja wenu inaumaliza kwa wote wawili, hata mwenzako akiwa hajui. Hilo lilithibitishwa katika kesi ya Hammersmith dhidi ya Monk, 1992. Zikipita wiki zake 4 na yeye hana nyumba, na notisi halali haifutiki kwa kujuta.

Sasa Leicester. Ukienda kuomba pale watauliza kwa nini uliacha nyumba uliyokuwa nayo. Sheria ya Nyumba ya 1996 ina neno la kujikosesha makazi "kwa makusudi", nalo likikupata, wajibu wa kaunsili kwako unapungua sana. Kinga yako ni kifungu cha 177: haihesabiki kuwa ilifaa uendelee kukaa ikiwa kuna uwezekano mkubwa kukaa kwako kutaleta ukatili dhidi yako au dhidi ya mtu unayeishi naye. Ila lazima uonyeshe, ndiyo maana namba ya polisi na zile baruapepe zije kabla ya kuhama. Unaweza kuomba kwenye kaunsili yoyote ukiwa bado mpangaji, na hadhi yako ya uhamiaji itaangaliwa. Kaunsili haitakiwi kukurudisha mahali penye hatari ya ukatili kwa sababu tu huna uhusiano na mji wao.

Kama ni lazima watoto walale salama usiku huu, nendeni kwa dada kama wageni. Vitu viache, kodi iendelee, na andika kwa kaunsili kwamba mmeondoka kwa muda kwa hofu na mnakusudia kurudi. Msikae miezi kimya, maana upangaji wa kaunsili unadai nyumba iwe makazi yako makuu.

Mpelelezi_X
Samahanini, hii habari mimi siiamini. Ofisa gani wa kaunsili anampa mhanga fomu ya kurudisha nyumba? Na matusi yote haya, polisi hawajui? Mtu anatunga ili apate huruma.

Karani_Haki
Ofisa kutoa fomu hiyo si ajabu hata kidogo. Kumhamisha anayelia ni kazi ya karatasi moja. Kumchukulia hatua anayemliza ni mashahidi, wakili na mahakama. Lakini swali la polisi ni la haki. MamaWawili, wanajua au hawajui?

MamaWawili
Sijatunga. Mimi sijawahi kupiga. Mama wa ghorofa ya juu, Mzungu, alimsikia akiwatukana watoto akapiga yeye. Alinipa karatasi yenye namba. Sikusema kwa sababu aliniomba asitajwe.

Bi_Nyaraka
Dada, hiyo ndiyo kesi yako! Shahidi asiye ndugu, na tukio limekwisha kuandikwa polisi.

Kaunsili yenyewe inaweza kuomba zuio la mahakama chini ya sheria ya 2014 ya tabia za kuudhi jamii, bila gharama kwako. Kipimo ni uwezekano ulio mkubwa zaidi, si kile kipimo kizito cha jinai. Penye vitisho vya ukatili mahakama inaweza kuongeza mamlaka ya kumkamata papo hapo, na akivunja ni kudharau mahakama, kifungo hadi miaka 2. Huyo mama si lazima asimame kizimbani: katika kesi za madai ofisa anaweza kueleza aliyoambiwa bila kutaja jina. Uzito hupungua, lakini hupokelewa.

Na kuripoti jirani si sawa na kuilalamikia kaunsili. Andika baruapepe ya pili, kichwa chake "complaint", useme hawakufanya kitu na walikupa fomu ya kuhama. Wana siku 5 za kazi kukiri kuipokea, kisha 10 kujibu. Hujaridhika, hatua ya pili ni siku 20, halafu Housing Ombudsman, mpokeaji huru wa malalamiko dhidi ya wenye nyumba za kijamii, bure. Ombudsman hamwadhibu jirani, anapima kazi ya kaunsili.

Karani_Haki
Ongeza pia ombi la "ASB case review", yaani mapitio ya kesi ya tabia za kuudhi jamii. Malalamiko 3 ndani ya miezi 6 yanatosha kuwaketisha polisi na kaunsili pamoja, mradi kila moja ulilitoa ndani ya mwezi 1 wa tukio. Na waite zimamoto waje kukagua tundu la barua, kuna vifuniko vya kuzuia moto.

MamaWawili
Fomu nimeichana. Baba watoto nitamwambia leo usiku, dada yangu akiwepo kwenye simu. Hiyo baruapepe ya kwanza naanzaje?

Bi_Nyaraka
Mstari wa kwanza: jina, anwani, namba ya polisi. Wa pili: "Naripoti unyanyasaji wa kibaguzi, naomba tathmini ya hatari na mpango wa hatua kwa maandishi." Kisha tukio la tundu la barua, kwa sababu ndilo jipya, ndipo urudi nyuma moja moja. Jina la mama wa juu usiliandike mpaka akubali. Mwachie ofisa namba ya polisi, maelezo yake yamo humo.