Naomba ushauri: bango la mgombea udiwani, Moshi

Mchoraji_Njoro: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sipati. Nachapa mabango na fulana hapa Moshi mjini. Kuna mteja anagombea udiwani. Maandishi niweke mekundu au meupe? Kesho anataka mzigo.

Mangi_wa_Kibosho: Rangi chama chake kishakuchagulia. Angalia maneno. Bango anasoma abiria wa bodaboda anayepita. Jina, sura, nembo ya chama, basi. Ahadi saba atazisoma nani?

Mama_Ndizi: Kwetu waliandika "Maji kwa Wote". Mpaka leo natoka na ndoo alfajiri. Mwogopeni Mungu nyie wachapaji.

Fundi_Stika: Mtoa mada, picha ya mgombea ikoje?

Mchoraji_Njoro: Nzuri tu.

Fundi_Stika: Ya lini?

Mchoraji_Njoro: Ya zamani kidogo, kabla hajapata kipara. Studio fulani ilimpiga harusini, nikamkata abaki peke yake. Lakini sura ni ileile na anavutia zaidi. Halafu nusu ya mabango nimeshachapa.

Fundi_Stika: Kumbe! Hilo ndilo ulipaswa kuuliza. Karatasi ya kura ina picha ya mgombea. Bango ndilo linamzoesha bibi asiyejua kusoma sura ya kutafuta kule kituoni. Ukimzoesha kijana mwenye nywele, mzee wako atamruka. Na picha ina mwenyewe. Msanii wa Marekani, Shepard Fairey, alichora lile bango la Obama la 2008 kutokana na picha ya shirika la habari la Associated Press. Walifikishana mahakamani, wakaja kumalizana 2011.

Mchoraji_Njoro: Hapa si Marekani mkuu. Na mjomba mwenyewe ndiye kaichagua.

Kaka_Majengo: Mjomba? Juu umesema mteja. Hii chai. Umetumwa kumchafua mtu. Taja kata.

Mchoraji_Njoro: Mjomba hawezi kuwa mteja? Kanilipa nusu. Kata sitaji.

Mangi_wa_Kibosho: Chai au si chai, Fundi kasema kweli. Mpige upya, atazame kamera moja kwa moja. Waingereza 1914 walimchora waziri wao wa vita, Kitchener, akikukazia macho na kukunyooshea kidole, na bango lile linaigwa hadi leo.

Mchoraji_Njoro: Akikataa? Huyu ndiye alinisomesha.

Fundi_Stika: Mwombe ile picha aliyopeleka kwenye fomu ya uteuzi. Iweke kando ya bango, mwite shangazi yako achague yupi ni mumewe.

Kaka_Majengo: Kata bado haijatajwa.