Tupeane uzoefu: nukta, koma na alama za kuuliza zilizowahi kukunyima usingizi

Mama Kabati, Umoja
Leo asubuhi nimemwandikia mteja kwamba kitambaa chake kimefika. Akajibu "Sawa." Na nukta! Huyu mtu miaka yote hujibu "sawa" kavu, au "sawaa" akiwa na furaha. Nashona huku nikijiuliza nimemkosea wapi. Nani mwingine ameponzwa na nukta, koma, herufi kubwa na vitu vya aina hiyo? Mwageni.

Kijana wa Roysambu
"Sawa" ni sawa. "Sawaaa" ni mapenzi. "Sawa." si sawa. "Sw" jua ameshapata mwingine

Karani Mstaafu
Nukta huwekwa mwisho wa sentensi. Nilifunzwa hivyo darasa la tatu. Mkiandikiwa vizuri mnalia.

Kijana wa Roysambu
Mzee umemaliza na nukta, umekasirika?

Karani Mstaafu
Ndiyo.

Msomaji wa Ngara
Hata wasomi wamelipima jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, jimbo la New York, waliwaonyesha wanafunzi 126 meseji zenye majibu mafupi, mengine na nukta, mengine bila. Yale yenye nukta yalionekana hayatoki moyoni. Walipoyaweka majibu hayo kwenye karatasi, yameandikwa kwa mkono, nukta haikuleta tofauti. Kwa hivyo Mama Kabati, mteja wako akuandikie barua.

Dereva Nganya
mimi sina nukta sina koma naandika nikiwa kwa stage nangoja abiria gari ikijaa naachia hapo hapo anayenijua anaelewa

Kijana wa Roysambu
Dere nishukishe hapo kwa koma

Binti wa Zimmerman
Hamjaona kitu. Kwetu kukosa alama moja ya kuuliza kulimuua guka, babu yetu.

Tuna grupu ya familia, mnazijua, zile za maua na mistari ya Biblia kila asubuhi. Guka mwenyewe yumo ingawa huandika kwa nadra. Sasa kuna binamu yangu ambaye haweki alama yoyote, kama huyo dereva hapo juu. Jumamosi moja akiwa kiwandani Embakasi akasikia kwa mtu wa kwetu kwamba kuna mzee kijijini ametuacha. Akaandika kwa grupu: "guka amefariki". Alikuwa ANAULIZA. Na Kiswahili chetu nacho, usipoweka "je" wala ile alama, swali na habari ni kitu kimoja. Mdomoni sauti ndiyo hutenganisha, lakini meseji haina sauti. Halafu akafungia simu kwa loka, sheria ya kazi, mpaka jioni.

Shangazi wa kwanza: "Woiye". Wa pili akatuma nyuso za kulia mstari mzima. Kabla sijapata nguvu ya kupiga simu, mjomba mmoja, yule wa kukalia kila kamati, alikuwa ameshafungua grupu nyingine, MAZISHI YA GUKA, na nambari ya kutuma mchango. Orodha ikaanza kushuka. Elfu tano, tiki. Elfu mbili, tiki. Watu ambao hawajawahi kuchangia hata keki ya harusi walituma. Mtu akaulizia basi la abiria 33. Na mwingine, huyu sitamsamehe, akauliza lile shamba la juu limeandikwa jina la nani.

Tulipiga simu nyumbani, haishikwi. Mama alikuwa ameketi sakafuni, kiatu mguu mmoja, kingine mkononi, anasema twende, twende, na hainuki. Kumbe guka na cucu, nyanya yetu, wako shambani wanachuma majani chai. Saa nane na kitu, katikati ya pole zote hizo, ikaingia meseji ya guka, herufi kubwa tupu kwa sababu hajui kuzizima:

"NI GUKA GANI AMEFARIKI ?"

Ndiye pekee aliyeweka alama ya kuuliza siku hiyo. Baada ya dakika kadhaa akaongeza: "SHAMBA NI LANGU"

Kijana wa Roysambu
Nimecheka mpaka kondakta ameniuliza kama niko sawa

Mweka Hazina
Na mchango ulirudishwa?

Binti wa Zimmerman
Hiyo ni mada nyingine.

Mweka Hazina
Hapana, hiyo ndiyo mada.

Binti wa Zimmerman
Mjomba alisema ukae tu uwe "mfuko wa dharura" wa familia.

Karani Mstaafu
Huo ni wizi. Na hizo alama za kunukuu zimewekwa mahali pake.

Mjomba wa Watu
Acheni kuharibia mtu jina. Kurudishia kila mtu kuna ada ya kutuma, nani angeilipa?

Mweka Hazina
Nimejua. Wewe ndiye huyo mjomba.

Msomaji wa Ngara
Si binamu angerekebisha tu? WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri.

Binti wa Zimmerman
Simu ilikuwa kwa LOKA. Soma.

Fundi wa Meseji
Turudi kwa mada. Mimi hutuma meseji za jumla za chama kimoja cha wafugaji. Meseji moja hubeba herufi 160. Lakini ukiingiza hata alama moja isiyo kwenye ile orodha ya kawaida ya simu, nafasi inashuka hadi 70. Katibu wao alikuwa akiandika kwa kompyuta halafu ananakili, na kompyuta huipinda yenyewe ritifaa, kile kialama cha juu, ya ng'ombe. Chama cha wafugaji, ng'ombe hawakosekani! Meseji ya herufi mia moja hamsini na kitu ikawa inahesabiwa tatu, kwa kila mwanachama, na zote zinalipiwa. Walidhani nawaibia. Ritifaa iwe wima, tafadhali.

Dereva Nganya
ndio maana mimi huandika ngombe

Karani Mstaafu
Ngombe ni nini.

Dereva Nganya
hujaweka alama ya kuuliza mzee

Mke wa Kayole
Mimi mama mkwe huniandikia "Habari...... watoto wazima...... nilikuwa nasema......" Jasho linanitoka. Anasema nini?

Fundi wa Meseji
Hasemi kitu, anapumua. Wamezoea mulika mwizi, zile simu ndogo za vitufe: kitufe cha 1 nukta ndiyo huja kwanza, koma mpaka ubonyeze tena.

Mama Kabati, Umoja
Mjibu na mshangao kila mstari, "Hatujambo mama!" Ataona una heshima.

Kijana wa Roysambu
Usithubutu. Ukijaza mishangao utaonekana unauza shamba Kitengela

Karani Mstaafu
Mpigie simu.

Mke wa Kayole
Simu ni saa nzima, mzee wangu. Kuna njia ya kutoka kwa grupu ya familia bila kuonekana?

Fundi wa Meseji
Ipo. Siku hizi ukitoka wanaoarifiwa ni maadmini peke yao.

Mke wa Kayole
Admini ni yeye......