Naomba ushauri: shule Dubai, mtaala wa Uingereza au wa India?

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Tanga, Chumbageni. Mume wangu kapata kazi Dubai, nasi tunamfuata. Kinachoninyima usingizi ni shule. Mkubwa yuko darasa la tano, mdogo ndiyo kwanza chekechea. Huyo hanitishi, lugha ataiokota kwenye kucheza.

Shule za mtaala wa Uingereza huko zinaanza mwaka mwishoni mwa Agosti, za CBSE, bodi ya elimu ya India, Aprili, na hizi za Kihindi kwa kawaida ada yake ni nafuu. KHDA, wanaosimamia shule binafsi, walizipa madaraja, ila daraja haliniambii mtoto atapokelewaje. Mkubwa wangu hesabu anazipiga vizuri, lakini Kiingereza chake ni cha daftarini. Mwalimu akimuuliza kitu anatazama viatu.

Halafu mkataba wa baba yake si wa milele. Tukirudi akiwa umri wa kidato cha tatu, mtaala upi hautamsumbua sana huku? Na mwajiri akisema "posho ya shule", nauli ya basi na sare huwa zimo, au tujipange wenyewe? Mliopita njia hiyo nisaidieni jamani.