Lebo za PR (maombi ya kuunganisha mabadiliko ya kodi) zijiweke zenyewe kwa kuangalia faili zilizobadilika: mnatumia njia gani?

Mwalo_Kibirizi (Kigoma)
Wakuu mwakeye. Tupo wanne hapa mjini, tunatengeneza mfumo wa kurekodi mizigo ya dagaa pale mwaloni Kibirizi, repo (hifadhi ya kodi) ni moja ina kila kitu, `android/` ya app ya karani, `api/`, `ripoti/` na `docs/`. PR zikiingia tano sita kwa siku siwezi kujua ipi inagusa nini mpaka nifungue moja moja, na mimi nakagua kwa simu nikiwa hukohuko mwaloni, bando lenyewe la kuvizia, kwa hiyo nataka nikiangalia orodha tu nione lebo, hii app, hii databesi, basi. Kuweka kwa mkono tumejaribu, vijana wanasahau, na wanazosahau ndo zile za `api/migrations/` (faili za kubadilisha muundo wa databesi) ambazo zikipita vibaya rekodi za watu zinapotea. Nimeona njia tatu: labeler ya GitHub wenyewe (inaweka lebo kwa kuangalia faili), boti ya kwetu kwenye seva, au skripti ya bash. Aliyezitumia aseme.

Dada_Isevya (Tabora)
Mwangaluka kaka. Chukua labeler usizunguke. Unaandika faili moja `.github/labeler.yml` na faili la Actions (mfumo wa GitHub wa kuendesha kazi zenyewe) la kuiita, imeisha. Hivi:

```
databesi:
- changed-files:
  - any-glob-to-any-file: 'api/migrations/**'
```

Angalia hizo nyota mbili, ukiweka moja inashika faili zilizo juu kabisa ya folda tu, za folda za ndani inaziruka na haikwambii kitu. Halafu mifano mingi mtandaoni ni ya toleo la 4, toleo la 5 la Desemba 2023 lilibadilisha muundo, ukikopi ya zamani inagoma. Repo ikiwa ya wazi hulipii, ikiwa ya siri akaunti ya bure ina dakika 2,000 za Actions kwa mwezi, na kila kazi hata ya sekunde kumi inahesabiwa dakika nzima, ila kwa watu wanne hamzimalizi kwa lebo peke yake.

Reli_ya_Kati (Tabora)
Boti nimeiendesha mwaka mzima, sikushauri. Ilikaa kwenye kompyuta ya ofisini, umeme ukikatika boti nayo imezima, na GitHub ikituma taarifa ya PR mpya isipompata mtu hairudii kutuma yenyewe, mpaka uingie uitume upya kwa mkono. Kwa hiyo asubuhi unakuta PR tatu zina lebo, mbili hazina, na mkaguzi akishazoea kuamini lebo anadhani hizo mbili hazigusi kitu cha hatari. Bora hata kusingekuwa na lebo kabisa.

Bash_Ujiji (Kigoma)
Mi natumia skripti na naipenda, `gh pr diff --name-only`, unachuja kwa grep, unamalizia na `gh pr edit --add-label`. Uzuri wake unaweka masharti yoyote unayotaka. Ila ya kwanza niliyoandika ilikuwa inaita API ya GitHub (mlango wa programu kuomba data) moja kwa moja, na ile kwa kawaida inakupa faili 30 kwa ukurasa, mi sikujua, PR kubwa ikaja na migration ikiwa ukurasa wa pili, haikupata lebo. Ukienda njia hiyo weka `--paginate`.

Mgebuka (Kigoma)
Sisi tupo GitLab, kule tunaandika kazi kwenye CI (mfumo wao wa kuendesha kazi zenyewe) wenyewe na tokeni (ufunguo wa ruhusa) ya mradi. Inafanya kazi, lakini kaka kama uko GitHub tayari huna sababu.

Mwalo_Kibirizi
Asanteni sana. Sasa kuna wanafunzi wa mazoezi wanakopi repo kwenye akaunti zao ndo wanatuma PR. Nimejaribu labeler leo, za kwetu zimepata lebo, za wao imesema haina ruhusa.

Dada_Isevya
Ndiyo, kwa sababu PR ya kutoka repo ya nje inapewa tokeni ya kusoma tu. Badilisha `pull_request` iwe `pull_request_target`, na ruhusa uweke `contents: read` na `pull-requests: write`, usizidishe. Lakini kaka hapa nakusihi: humo ndani usivute kodi ya mwanafunzi ukaiendesha, wala usipachike majaribio, kwa sababu kazi hiyo inakimbia na tokeni yenye uwezo wa kuandika na siri za repo yako, mtu mbaya akituma PR anazichukua. Labeler haihitaji kodi yao, inauliza tu majina ya faili. Majaribio yabaki kwenye faili lake. Na lebo zenyewe zitengeneze kabla.

Reli_ya_Kati
Ongeza na `sync-labels: true`. Bila hiyo mtu akiondoa migration kwenye PR yake lebo inabaki palepale. Ujue tu itaondoa hata uliyoweka kwa mkono kama imo kwenye hilo faili na hailingani. Ya `docs` usitumie `any-glob-to-any-file`, tumia `any-glob-to-all-files`, ije pale tu ambapo faili ZOTE ni za docs, hizo ndo unaweza kupitisha kwa simu ukiwa mwaloni.

Bash_Ujiji
Na kwa migrations lebo haitoshi mkuu, lebo haimwiti mtu. Weka CODEOWNERS (faili linalotaja mwenye kila folda) kwa folda hiyo, mkaguzi anaitwa mwenyewe.

Mwalo_Kibirizi
Nimeweka. PR niliyobadilisha `pull_request_target` yenyewe haikupata lebo nikapata wasiwasi, kumbe inasoma faili lililopo tawi kuu, ilipounganishwa tu iliyofuata ya mwanafunzi imekuja na `databesi` na jina langu kwenye wakaguzi. Nimeifungua hiyo kwanza, alikuwa anafuta safu ya uzito wa mzigo. Nimemwandikia.