Mrejesho: bt ya GDB iliyokuwa ikikatika kwenye ??

Niliuliza kwa nini bt (amri ya GDB, kitatuzi cha programu, inayoorodhesha miito ya funksheni) inatoa fremu mbili tu (fremu ni rekodi ya mwito mmoja kwenye staki), kisha ?? na onyo la "corrupt stack?", ilhali programu ya C imejengwa kwa -g (yaani pamoja na taarifa za utatuzi). Staki ilikuwa nzima. Faili la core (nakala ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka) lilitoka kwenye seva, nalo likafunguliwa kwenye mashine yenye toleo jingine la libc (maktaba kuu ya C). GDB ikasoma .eh_frame (jedwali la jinsi ya kurudi fremu kwa fremu) ya libc isiyohusika, na hapo hesabu ya fremu iliyotangulia ikaharibika. Kwa -O2 (uboreshaji wa kikusanyaji) kwenye x86-64, rejista ya rbp kwa kawaida haitunzi kielekezi cha fremu, kwa hiyo GDB haikuwa na njia mbadala ya kuaminika.

Kuthibitisha: eu-unstrip -n --core=core huonyesha build-id (kitambulisho cha faili lililojengwa) ya kila maktaba; linganisha ile ya libc na ya readelf -n libc.so.6. Zikitofautiana, msihangaike na kitu kingine.

Nakili kutoka seva libc, ld-linux-x86-64.so.2 na kila maktaba inayoorodheshwa na amri ya GDB info sharedlibrary, kwa njia zilezile (lib64 ibaki lib64), chini ya /tmp/seva. Kisha:

gdb ./programu
set sysroot /tmp/seva
core-file core

Sasa bt inafika main. Zimebaki ?? chache ndani ya maktaba zilizoondolewa alama (majina ya funksheni), ila hizo ni majina tu yanayokosekana, mnyororo haukatiki.