Naomba ushauri: nyimbo za kupakua kwa bei nafuu za kuweka kwenye pleya ya MP3

Mpwa_wa_Pangani
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimemnunulia mama pleya ndogo ya MP3, ina vitufe tu na sehemu ya kuchomeka memori kadi. Yuko kijijini, mtandao wa kubahatisha, na simu janja hataki hata kuisikia. Anachotaka ni taarab ya zamani, dansi la miaka ya 70 na 80, na kisomo cha Qur'ani cha alfajiri.

Nalipia Spotify, ile programu ya kusikiliza muziki, kwenye simu yangu. Nyimbo zinapakuliwa vizuri, ila mafaili ya kuhamishia kwenye kadi siyaoni. Vijana wa stendi wanajaza kadi nzima kwa elfu tano, lakini nyimbo zinakatika katikati, hazina majina, na mwimbaji hapati hata senti. Nina kama elfu thelathini kwa sasa. Nataka mafaili halali yatakayobaki kwa mama miaka yote. Nianzie wapi?

fundi_redio
Mkuu, kwenye Spotify hununui wimbo, unakodi ruhusa ya kuusikiliza. Faili limefungwa, linafunguka ndani ya programu tu, na simu ikikaa siku 30 bila kuingia mtandaoni nalo linagoma. Boomplay ni vilevile. Kwa pleya ya mama hizo zisahau.

Tafuta wanaouza faili lenyewe. Mimi natumia tovuti ya Bandcamp, ipo tangu 2008. Ukilipa unachagua MP3 ya 320 (yaani kilobiti 320 kwa sekunde, ubora wa juu wa MP3) au FLAC, faili ambalo sauti yake haijapunguzwa, na ukipoteza kadi unaingia kwenye akaunti yako unapakua tena. Wimbo mmoja mara nyingi ni dola 1, na wapo wanamuziki wanaokuachia upange bei mwenyewe. Bandcamp wanachukua asilimia 15 tu ya mauzo ya mafaili, sehemu kubwa ya kinachobaki inakwenda kwa mwenye kazi. Chukua MP3, maana FLAC inakula nafasi na pleya nyingi za bei rahisi haziisomi.

Dada_wa_Kilifi
Nakubaliana na fundi, naongeza tovuti ya Mdundo, ile iliyoanzia Nairobi. Unapakua MP3 bure kabisa, wao wanajilipa kwa matangazo. Kwa Bongo Fleva na nyimbo za injili umefika. Taarab ya mama zetu huko ni ya kutafuta kwa tochi.

Kwa taarab na dansi tafuta mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na kampuni ya muziki ya Buda Musique ya Ufaransa. Wamekusanya rekodi za Zanzibar, Mombasa na Dar, na juzuu ya Mombasa peke yake itamfurahisha mama sana. Usinunue vyote kwa pupa. Sikiliza vionjo kwanza, umpigie mama umwimbie kidogo, akisema "huo huo" ndipo ulipe.

Kulipa kusikutishe, unatengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa. Kisomo cha Qur'ani usikilipie, mp3quran.net wanacho bure, sura kwa sura, kwa wasomaji wengi.

Kijana_wa_Kkoo
Mnamzungusha bure jamaa. YouTube kuna kila kitu, anageuza kuwa MP3 ya 320, kazi imeisha.

fundi_redio
@Kijana_wa_Kkoo, ndugu yangu, YouTube yenyewe hairuhusu. Halafu sauti ya kule imeshabanwa, ukiigeuza kuwa 320 unaongeza uzito wa faili tu, kilichokatwa hakirudi. Na wapiga dansi wetu wengi wamezeeka bila kuona malipo ya kazi zao. Penye njia ya kuwalipa, tuwalipe.

Mpwa_wa_Pangani
Asanteni sana. Jingine: kadi ni ya GB 64, pleya inasema haioni kitu.

fundi_redio
Kadi zinazozidi GB 32 huja na mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao exFAT, na pleya nyingi ndogo zinaijua FAT32 tu. Tumia ya GB 32. Kwa MP3 ya 320, wimbo wa dakika nne ni kama MB 10, kwa hiyo zinaingia nyimbo zaidi ya elfu tatu. Kabla hujajaza, ipime kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta. Kadi feki zinaandikwa GB 32 wakati ndani zina 4, na ndiyo moja ya sababu za nyimbo kukatika.

Bibi_wa_Kanda
Mwanangu, kabla hujatoa hata shilingi, mama hana kanda? Umri huo lazima ana kasha mahali. Nyingine humo hazipo mtandaoni popote na hutazipata kwa pesa yoyote.

Tafuta redio kaseti inayocheza vizuri. Waya utoke kwenye tundu la spika za masikioni uingie kwenye kompyuta, urekodi kwa programu ya Audacity, ni ya bure. Tundu la maiki la laptop nyingi linapokea upande mmoja tu wa sauti, afadhali ununue kifaa kidogo cha USB cha kunasia. Kanda iliyolala miaka izungushe mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo uicheze. Kanda ya saa moja inachukua kama MB 600 ikiwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Ukiigeuza kuwa MP3 ya 192 inashuka hadi chini ya 90. Kila kanda ipe folda yake, na nyimbo uzitangulizie namba, 01, 02, ili pleya isizichanganye.

Mpwa_wa_Pangani
Bibi, shikamoo na asante. Nimempigia, kanda anazo! Kuna hadi ya harusi ya dada yangu, kikundi cha taarab cha mtaani, ila ilirekodiwa kwa redio ya mezani na mvumo ni mwingi. Inatengenezeka?

Bibi_wa_Kanda
Marahaba. Inatengenezeka. Tafuta sekunde mbili tatu ambapo hakuna anayeimba wala kupiga, uionyeshe Audacity kwamba huo ndio mvumo, kisha upunguze kidogo kidogo. Ukizidisha, sauti za waimbaji zitageuka kama zinatoka ndani ya mtungi. Nakala ya kwanza usiiguse, ihifadhi kama ilivyo. Na vigelegele usivikate.