Mliooa na kuolewa visiwa vya Karibi, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Mpemba wa Gouyave, Grenada

Ndugu zangu, salaam. Ikitajwa Karibi watu huwaza fukwe na meli za watalii tu, na inaniuma, maana mji nilikoolewa una mengi. Nimekulia kwenye kuanika karafuu, huku nimekuta kungumanga. Tunda hupasuka lenyewe mtini, basibasi nyekundu, ule utando unaofunika kokwa, ikachungulia, kokwa ikaanguka, tukaokota. Nyama ya tunda tunapikia jemu. Hadi bendera ya taifa ina kungumanga! Kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya miti hiyo, na mkungumanga huchukua miaka kuanza kuzaa.

Ila kilichoniteka mimi ni Oil Down, chakula cha taifa. Sufuria kubwa, mafiga nje uani, majirani wote wapo. Chini unapanga mashelisheli na nyama ya chumvi, juu majani ya majimbi, halafu vidonge vya unga. Unamiminia tui zito lenye manjano. Hakikorogwi! Unaacha moto ufanye kazi mpaka tui likauke na mafuta yabaki chini. Mimi Mwislamu, basi mama mkwe hunipikia sufuria yangu ya samaki wa chumvi, mkia wa nguruwe hauingii, na hajawahi kusubiri nimkumbushe. Mungu amzidishie.

Haya, na nyie leteni ya kwenu.

Mtu wa Lamu, Huddersfield, Uingereza

Shukran, dada. Mke wangu asili yake Carriacou, kisiwa kidogo cha hukohuko Grenada, na hapa Huddersfield watu wa Carriacou ni wengi. Tulipokwenda kwao nilipelekwa Windward, kwa mafundi wa vyombo vya baharini. Nilisimama pale nikatazama mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za chombo, nikajiona niko Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kwetu Lamu. Fundi anapima kwa jicho, mchoro hana.

Siku ya kushua ndiyo ya kuona. Wanachinja kondoo na mbuzi, padri anabariki, chombo kinapewa wazazi wa ubatizo. Kisha magogo yanayokishikilia yanakatwa kwa shoka, kidogo kidogo, mpaka chombo kilale ubavu taratibu. Hapo ndipo umati unashika kamba na kuimba, kinavutwa hadi majini. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ni haki yao. Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kiliwapiga vibaya mno, mapaa yaliondoka karibu kisiwa kizima. Tunachanga mpaka leo.

Mama wa Tanga, niliyeolewa Carriacou

Kaka umesahau Big Drum, ngoma ya Carriacou ya kuwaenzi mababu! Ngoma tatu za mapipa zilizowambwa ngozi ya mbuzi, na kila taifa la mababu wa Afrika lina wimbo wake: Cromanti, Igbo, Kongo, Temne. Cromanti ndiyo inayotangulia. Mtu akizikwa, jiwe la kaburi linaweza kuwekwa baada ya miaka, na hapo ndipo karamu kubwa. Wazee waliotangulia hutengewa sahani yao, hata mtoto haigusi.

Mwanzisha mada

Mmenifurahisha sana. Mwenye nia ya kuja, Regatta ya Carriacou, mashindano ya mashua, ni mwanzoni mwa Agosti, ipo tangu 1965. Boti inatoka St. George's, mji mkuu wa Grenada, hadi Hillsborough, mji wa Carriacou. Walioko Barbados na Saint Vincent, tunawasubiri.